Kidevu cha Mshindi

Jumatatu asubuhi, kabla hajawafungulia wateja mlango wa mbele, kinyozi alimkalisha mkewe kwenye kiti cha kuzunguka, akamfunga taulo shingoni na kumpaka povu la sabuni kutoka sikio moja hadi la pili. Mkewe alikuwa ameshinda mieleka jana yake. Ndevu zilikuwa nyeusi, nzito, zimefika kwenye kola, na zote ziliota katika muda ule ambao mwamuzi aliutumia kuunyanyua mkono wake juu.

"Za safari hii ngumu," kinyozi alisema akibadilisha wembe.

"Yule dada alikuwa mzito," mkewe alijibu kwa midomo iliyobanwa, asije akala povu.

"Kumshinda yule wa mwezi uliopita?"

"Yule wa mwezi uliopita nilimbeba tu nikamweka chini."

Kinyozi aliitikia kwa kichwa. Yeye hakuwa mtu wa kwenda ukumbini, kwa sababu hakuvumilia kumwona mkewe akikabwa shingo, lakini mapambano yote aliyasoma kidevuni. Ndevu za ushindi rahisi zilikuwa laini na ziliondoka na taulo la maji moto. Ndevu za ushindi wa jasho zilikula nyembe. Hakuna mteja aliyewahi kumpa raha ya kunyoa kama hiyo, na alilisema hilo mbele ya yeyote, hata mbele ya wateja wenyewe.

Mkewe huyo watu walimwita Kigingi, kwa kuwa akishakita miguu yake kwenye mkeka hang'oki. Siku za kazi aliuza magodoro katika duka lililokuwa nyuma ya soko, na aliyabeba mwenyewe kichwani hadi kwenye gari la mteja, liwe la kitanda kikubwa au la kitanda cha mtoto. Wanaume waliokuja na wake zao walijitolea kumsaidia, wakashika pembe moja, kisha wakaiachia taratibu na kujifanya wamepigiwa simu.

Ndevu za ushindi hazikuwa kitu cha kumshangaza mtu. Daktari wa chama cha mieleka, mwanamke mwembamba aliyetembea na kisanduku cha vichupa, aliwatemesha wanamieleka mate ya kupima kabla ya kupanda mkekani na baada ya kushuka, na alikuwa tayari kumfafanulia kila aliyemwuliza. Pambano huamsha homoni mwilini, alisema. Anayeshinda, ile homoni ya ndevu humpanda. Anayeshindwa humshuka, akabaki na ile ya wasiwasi ikimzunguka mwilini haina pa kwenda. Ndiyo maana wanaume walioshindwa walidondosha masharubu yao palepale pembeni mwa mkeka, na mfagiaji wa ukumbi alikuwa amenunua ufagio laini kwa kazi hiyo. Wanaume walioshinda walitembea na ndevu zao wiki nzima, wakizipapasa kila walipofikiri, na wengine kila walipotaka waonekane wanafikiri. Chama kilichapisha kalenda ya ndevu bora za mwaka.

Hata waliotazama tu walipata fungu lao. Mwenyekiti wa chama, ambaye maishani mwake hakuwahi kupambana na kitu chochote zaidi ya mlango wa ofisi uliokuwa ukikwama wakati wa mvua, aliota ndevu kila timu ya wanaume iliposhinda. Zilikuwa ndevu nzuri, za mviringo. Alizishika kwa mkono wa kushoto wakati wa kuhutubia, na hakuna aliyemwuliza amezipataje.

Kwa wanawake kulikuwa na kanuni. Mwanamke aliyekutwa na ndevu zinazozidi punje ya mchele baada ya pambano alihesabiwa kuwa ametumia nguvu zisizo za haki, na matokeo yake yalifutwa. Walioshindwa hawakupimwa, kwa kuwa kidevu cha aliyeshindwa kilijieleza chenyewe. Kabla ya pambano hawakupimwa pia, kwa kuwa wakati huo hakuna aliyekuwa na chochote cha kupimwa.

"Kwa hiyo tunampima aliyeshinda ili tujue kama ameshinda," daktari alisema siku moja kikaoni.

"Hapo umenielewa," mwenyekiti alijibu kwa furaha, maana hakuzoea kueleweka upesi.

"Na wanaume?"

"Wanaume si wana ndevu zao, daktari?"

Katika mashindano ya mitaa kanuni hiyo ililala usingizi, na hakuna aliyejisumbua kuiamsha. Iliamka mara moja kwa mwaka, kwenye fainali ya taifa, kabla ya medali kuvishwa. Bahati mbaya, hiyo fainali ya taifa ndiyo pekee Kigingi aliyoitaka. Alitaka medali ya dhahabu, avishwe mbele za watu, na itangazwe kwamba ameshinda yeye. Vingine alikuwa navyo: mume aliyempenda, mama mkwe aliyemchekesha, na mgongo usiouma. Miaka ya nyuma alitolewa mapema, mara goti, mara homa. Sasa umri ulikuwa unambishia hodi, na sheria za chama zilimruhusu kupanda mkekani mwaka huo na mwaka wa kufuata, kisha ahamie kwenye viti vya watazamaji.

Mwaka huo alifika fainali. Mpinzani wake alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, mwanamke mwenye mikono iliyozoea kuwashika watu wanaorusha mateke. Walivutana mpaka watazamaji wa mbele wakakunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Kisha Kigingi aliinama, akapita chini ya kwapa la mwenzake, akamnyanyua juu na kumlaza chali. Mabega yote mawili yakagusa mkeka. Ukumbi ulilipuka kwa makofi, na ndevu zikamshuka Kigingi hadi kifuani.

Mwenyekiti alikuja na rula, ile ya plastiki ya watoto wa shule. Alipima, akamwonyesha katibu, naye katibu akapima tena kwa heshima. Ushindi ukafutwa na muuguzi akatangazwa bingwa.

Muuguzi alisimama akasikiliza makofi. Aliwakumbuka wote aliowaangusha hadi kufika pale, akaona kwamba kwa kweli na yeye si haba. Ndevu zikamwota palepale, zenye wekundu kidogo kwenye ncha. Rula ikaja. Dhahabu ikateremka kwa mshindi wa tatu, fundi baiskeli aliyekuwa tayari amevaa viatu vya kuondokea; alicheka kwa furaha na kidevu kikamjaa. Wa nne alijaribu kujifunga skafu, ikafunuliwa. Medali iliendelea kushuka ngazi, mwenyekiti akiifuata nyuma na rula yake, mpaka ikamfikia mwalimu wa chekechea aliyeshika mkia.

"Mimi?" mwalimu alisema. "Mbona mimi nimeshindwa na wote? Hata yule mwenye mafua alinibwaga huku anapiga chafya."

Kidevu chake kilikuwa kikavu kama kisahani. Alivishwa dhahabu huku akilia kwa aibu, na wimbo ukapigwa. Baadaye alimfuata Kigingi kwenye korido ya vyumba vya kubadilishia nguo, akaivua medali shingoni.

"Dada, chukua. Hii ni yako, kila mtu ameona."

"Najua ni yangu," Kigingi alisema. "Lakini siitaki kwa mlango wa nyuma. Nenda kapumzike, mwalimu. Watoto kesho watakuuliza, waambie lolote."

Jumatatu kinyozi alimnyoa. Zilikuwa ndevu ngumu kuliko zote alizowahi kukutana nazo, na pakiti nzima ya nyembe iliishia hapo. Alikuwa na hasira, lakini hasira ya kinyozi inalazimika kungoja mpaka wembe uwe mezani, na ulipofika mezani wateja walikuwa wameshaanza kugonga mlango.

Daktari wa chama ndiye aliyeona kitu. Alikuwa na mate ya wanawake wote wa fainali ile, na vichupa vyote vilimwambia jambo moja. Homoni haikuufuata mkono wa mwamuzi. Iliufuata moyo wa mtu. Aliyeamini kwamba ameshinda kwa nguvu na akili yake, ilimpanda, na ndevu zikaota. Aliyeona kwamba amebahatika tu, hata angevishwa medali shingo nzima, hakuota kinyweleo. Daktari alivipeleka vichupa kikaoni, akavipanga mezani, akiwa na hakika kwamba kanuni ingefutwa kabla ya chai.

"Yaani tatizo ni kule kuamini?" mwenyekiti aliuliza.

"Siyo tatizo, mheshimiwa. Ninachosema ni kwamba ile rula haipimi nguvu. Inapima kama mtu..."

"Basi wasiamini." Mwenyekiti aliwatazama wajumbe mmoja mmoja. "Kwani kuamini ni lazima? Mtu si anaweza tu kushinda, akachukua begi lake, akaenda nyumbani?"

Wajumbe waliafiki. Walimpongeza daktari kwa utafiti wenye manufaa, kisha wakampa mwenyekiti mkono kwa uamuzi wake, na alipokuwa akipokea mikono hiyo kidevu chake kilianza kuchomoza vinyweleo. Chai ikaletwa.

Maagizo yakashuka kwa kocha, mzee mwenye masikio yaliyosagika kwa miaka ya kukabwa, ambaye alifundisha kila kitu kwa kupiga kelele. Kocha alimpenda Kigingi kuliko wanafunzi wake wote, na alitaka avishwe ile medali kabla umri haujamfungia mlango. Kwanza alimwambia kwamba akishinda afikirie jambo la huzuni. Kigingi alimwangusha mwenzake, akamfikiria marehemu baba yake, na ndevu zikaota vilevile, ila safari hii zilikuwa zimelowa machozi. Kisha kocha akajaribu kumvunja moyo.

"Wewe si lolote!" alimfokea kutoka pembeni. "Unauza magodoro! Kila unachokiangusha umezoea kukiangusha kikiwa laini!"

Kigingi aliondoka mkekani, akamfuata kocha alipo, akamlaza chali kwa adabu, akamnyanyua na kumpangusa vumbi. Zile ndevu kinyozi alizikumbuka kwa muda mrefu, kwa sababu zilikuwa za mawimbi.

Aliyemweza Kigingi alikuwa mama mkwe wake. Huyu alikaa nao nyumba moja, kwenye chumba cha uani, na jioni alipenda kuchambua mchele kwenye sinia akiwa ameegemea ukuta wa nje, huku akimsikiliza mkwewe akisimulia mambo ya mazoezini. Jioni hiyo alisikiliza mpaka mwisho, akatupa kijiwe.

"Kocha wako anahangaika bure, mwanangu. Anachokufundisha wewe, sisi wenzio tulikijua kabla hatujajua kusuka."

"Kipi hicho, mama?"

"Kushinda halafu usiwe wewe." Akatupa kijiwe kingine. "Huu ukuta nilioegemea unaujua nani kajenga?"

"Si yule fundi wa zamani? Yule ambaye watu mpaka leo wanamwulizia?"

"Nilijenga mimi. Baba mkwe wako alikuwa safarini, mvua zinakuja, watoto wanalala na upepo. Nikachanganya udongo na saruji, nikapanga matofali, kila siku kidogo kidogo baada ya kupika. Siku nilipoweka tofali la mwisho, likakaa sawa, nikarudi nyuma kidogo nikautazama. Zikaniota mpaka hapa." Aliweka kiganja tumboni. "Nikaingia ndani, nikazikata na mkasi wa vitambaa, nikaziwasha moto jikoni. Jirani alipouliza nikasema kapita fundi mmoja, kaniona nina shida, kanisaidia."

"Hukuumia?"

"Mwanzoni niliumia, kwa nini nikudanganye? Nilikuwa nikipita hapa naupapasa kwa siri." Mama mkwe alipepeta sinia. "Halafu ukapita muda. Siku moja jirani akausifia tena, na mimi mwenyewe nikajisikia nasema, yule fundi alikuwa stadi kweli."

Kigingi alicheka, na mama mkwe akacheka naye. Kinyozi, ambaye alikuwa dirishani akinoa mkasi, hakucheka. Alikulia nyuma ya ukuta ule, na utoto wake wote alitaka awe fundi kama yule aliyepita.

Mazoezi yakahamia nyumbani. Mama mkwe alisema jambo hilo halifundishwi kwa mkupuo, linaingia kwa mazoea, kwa hiyo alianza na mambo madogo. Kigingi akipika chakula kikawa kitamu, aseme ni moto ulikuwa mzuri. Akibeba godoro, aseme siku hizi wanayatengeneza mepesi. Akimwamulia mteja ugomvi na mwenzake pale dukani, aseme walikuwa wameshachoka kugombana. Akiangusha mtu mazoezini, aseme ameteleza. Hata mumewe alipewa sehemu yake katika mafunzo, nayo ilikuwa kumwambia kila siku, kwa uso mkavu, kwamba amebahatika.

Kinyozi hakuwa na kipaji hicho. Alilisema neno hilo asubuhi huku akitazama viatu vyake, na jioni alijisahau akamsifu.

"Unamharibu mwenzio," mama yake alimkemea. "Wewe unataka avae medali au unataka umnyoe?"

"Nataka vyote viwili, mama."

"Basi nenda kaoe mwanamieleka wa kiume."

Mwanzoni maneno yalikaa mdomoni tu. Kidevu cha Kigingi hakikudanganyika. Alisema "ameteleza" huku ndevu zikimshuka. Lakini mwaka ulivyosogea ndevu zilianza kupungua. Kutoka kifuani zikarudi kwenye kola, kutoka kwenye kola zikawa kivuli, na siku moja alimwangusha mwanamume mzima wa uzito wa juu, akasimama juu yake akiwa na kidevu kitupu, akamwomba radhi kwa kuwa mkeka una utelezi. Mkeka ulikuwa mkavu. Kocha alikwenda kuupapasa mwenyewe, akakaa chini pembeni na kunyamaza, na wanafunzi wengine waliogopa, maana hawakuwahi kumsikia amenyamaza.

Dukani wateja walianza kuona tofauti. Zamani walipomwuliza lipi ni godoro zuri kwa mgongo, aliwajibu kabla hawajamaliza. Sasa aliwatazama na kuwaambia kwamba yeye hajui sana, labda wamwulize bosi, na bosi, ambaye kwa miaka yote alikuwa akimwuliza Kigingi, hakujua pa kutazama. Nyumbani alirudi mara mbili kutazama kama ameufunga mlango. Alimwuliza mumewe kama kweli chumvi imetosha. Kinyozi alikosa kitu cha kunyoa Jumatatu, akawa anafungua mapema kuliko wengine wote mtaani, na watu wakamsifu kwa bidii. Kwa kweli alikuwa na huzuni. Alikuwa na mke ndani ya nyumba na bado alikuwa na hamu naye.

"Tuache," alimwambia asubuhi moja. "Medali yenyewe ya bati ile."

"Tumefika mbali," Kigingi alijibu. "Na huu ndio mwaka wa mwisho. Nikishavishwa, nitaacha."

Siku ya fainali kinyozi alikwenda ukumbini kwa mara ya kwanza. Alikaa kati ya mama yake na daktari wa chama, akiwa na wembe mpya kwenye mfuko wa shati. Mpinzani alikuwa yuleyule muuguzi. Naye alikuwa amehudhuria mafunzo yaliyoandaliwa na chama, lakini hayakumwingia, kwa sababu kila asubuhi wodini alipokea watoto kwa mikono yake na kuwasikia wakilia, na kazi kama hiyo haimwachi mtu aseme hakufanya kitu.

Pambano lilikuwa zuri kuliko yote yaliyopata kuonekana katika ukumbi ule. Muuguzi alikuja kwa kasi, akamkaba kiuno. Kigingi alisukumwa hadi ukingoni, kisigino kimoja kikiwa kimebaki ndani kwa upana wa kidole. Hapo akakita mguu. Watu wa viti vya juu walidai baadaye kwamba waliisikia sakafu ikiitika. Aligeuza nyonga, akamchukua mwenzake kwa bega, akamzungusha juu kwa duara zima na kumshusha chali katikati ya mkeka, polepole, kama anavyotandika godoro kwenye kitanda cha mteja aliyelipia. Mabega yakagusa. Mwamuzi akapuliza filimbi.

Ukumbi mzima ulisimama. Kinyozi alijikuta juu ya kiti, akipiga kelele ambazo hakujua kuwa anazo. Daktari alipaza sauti na kisanduku cha vichupa kikamponyoka. Ndevu zikaanza kuota kote ukumbini. Ziliwaota wanaume na wanawake waliokuwa wakishangilia, mfagiaji pale mlangoni, hata kocha ambaye kwa uzee wake alidhani mambo hayo yameshampita. Mama mkwe alijishika kidevu, akavuta mtandio juu upesi. Mwenyekiti zilimfika kwenye tai.

Kigingi alisimama katikati ya mkeka huku mkono wake umenyanyuliwa, akiwatazama watu kwa wasiwasi kidogo, akidhani labda nyuma yake kumetokea kitu. Mwenyekiti alikuja na rula, akazisukuma ndevu zake mwenyewe pembeni ili apate kuona, akainama, akapima. Hakukuwa na cha kupima. Alimwonyesha katibu, katibu naye akahakiki, na dhahabu ikashuka shingoni mwa Kigingi mbele za watu. Jina lake likatangazwa kwamba ameshinda yeye.

"Leo tumeona wenyewe kwamba kanuni yetu haimzuii mwanamke yeyote kushinda," mwenyekiti alisema kwenye kipaza sauti, mkono wa kushoto ukiwa ndevuni. "Mwakani mafunzo haya yatakuwa ya lazima kwa wote."

Mwandishi wa habari za michezo alimsogezea Kigingi simu mdomoni, akamwuliza amewezaje.

"Aliteleza," Kigingi alisema.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo muuguzi alimfuata, amejifunga barafu begani kwa taulo.

"Dada, nimekusikia ukisema nimeteleza."

"Nisamehe. Kama usingeteleza, ungenishinda."

"Mimi sikuteleza. Umeniinua ukanizungusha. Nimeuona mpaka ubao wa matangazo kichwa chini."

"Una moyo mzuri," Kigingi alimwambia, akimshika mkono wa upande usiouma. "Wenzako wangelalamika."

"Mimi nilikuwepo, dada! Mimi ndiye niliyekuwa hewani!"

Lakini Kigingi alikuwa ameshainama kufunga kamba za viatu, na alizifunga mara mbili, kwa kuwa hakuwa na hakika na fundo la kwanza.

Walirudi nyumbani jua likiwa bado juu ya mapaa. Majirani walikuwa wamesimama barabarani na vigelegele, na Kigingi aliwaambia wote kwamba alikuwa na siku nzuri. Mama mkwe alipitiliza moja kwa moja hadi chumbani kwake na kufunga mlango, na kwa muda kidogo ukasikika mkasi. Alipotoka alikuwa amejitanda vizuri. Kinyozi alimtazama mama yake usoni, mama akamtazama yeye, na kinyozi akamwachia mama siri yake.

Ndani, Kigingi aliivua medali. Aliipangusa alama za vidole kwa ncha ya shati, akaivingirisha kwenye kitambaa cheupe alichokuwa amekifua na kukipiga pasi, akaanza kutafuta kiti cha kupandia.

"Kwa nini huitundiki pale ukutani?" kinyozi aliuliza. "Nimeshapigilia msumari."

"Ukutani itapata vumbi. Mwenyewe akija kuichukua, aikute ilivyo."

"Mwenyewe ni wewe."

Aligeuka akamtazama mumewe kwa upendo wote aliokuwa nao, akatabasamu.

"Wewe nawe," alisema. "Kila anayeshuka kwenye kiti chako si unamwambia amependeza?"

Akapanda kwenye kiti, akaisukuma medali hadi nyuma kabisa ya kabati, mahali ambapo mtu mwangalifu huweka kitu cha watu.